Hongera Iliyokuja Mapema

Tulikuwa kliniki, siku ya kupima uzito. Mmoja nimempakata, mwenzake yuko juu ya mizani, hana nguo, anapiga kelele za kusikika mpaka nje. Bibi mmoja aliyeketi kwenye benchi na mjukuu wake akawatazama kwa zamu, huyu kisha yule, akatabasamu, akauliza swali ambalo sasa nimelizoea.

"Mkubwa nani?"

"Huyu wa kike, bibi."

"Mbona wa kiume ndiye mnene?"

"Mnene, lakini kaja wa pili."

"Walipishana muda gani?"

Hapo nikakwama. Si kwamba sijui. Saa zao zimeandikwa kwenye kadi, ukitoa moja kwa nyingine jibu unalo, na halifiki hata nusu saa. Lakini mdomo ulikataa kufunguka. Muuguzi akaita jina linalofuata, bibi akageukia mjukuu wake, nami nikabaki nimesimama na nepi mkononi.

Tangu siku ile swali lake halijaniachia. Nimelala nalo, nimenyonyesha nalo, nimeamka nalo. Nikajigundua kwamba kila aliyewahi kuniuliza habari za kujifungua nimemsimulia mwanzo, uchungu ulivyonianza usiku, na mwisho, kwamba watoto wote wazima na mama mzima. Pale katikati huwa naruka.

Na pale katikati ndipo nilipojifungulia.

Wa pili atageuka apendavyo

Wangu kila mmoja alikuwa na kondo lake na chupa yake ya maji. Mayai mawili, mbegu mbili. Ndugu wa kawaida tu waliopanga chumba kimoja. (Hata hivyo hawakosekani watu wazima na akili zao wanaomwangalia msichana na mvulana, kisha wakaniuliza kama ni mapacha wa kufanana.) Daktari alifurahi kuona makondo mawili kwenye ultrasaundi. Mapacha wanaochangia kondo moja huangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu mishipa yao inaweza kuungana ndani ya kondo, damu ikamwelemea mmoja na mwenzake akapungukiwa. Hilo kwetu halikuwepo. Nikashusha pumzi.

Nilizishusha mapema mno, kwa sababu wiki chache baadaye likaja swali la njia. Kisu au kawaida?

Jambo la kwanza wanaloangalia ni pacha wa kwanza kakaaje. Wangu alikuwa kichwa chini, katulia, hana neno. Kwa hiyo mlango wa kuzaa kawaida ulikuwa wazi, na daktari akaniambia uamuzi ni wangu. Mimi sikutaka uamuzi uwe wangu. Nilitaka aniambie fanya hivi, nami nifanye, na likiharibika jambo liwe lake.

Akanieleza kuhusu utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013. Wanawake 2,800 wenye mimba ya mapacha, katika nchi 25, wote pacha wa kwanza kichwa chini. Nusu walipangiwa upasuaji, nusu walipangiwa kuzaa kawaida. Watoto waliofariki au kupata madhara makubwa walikuwa kama wawili katika kila mia, upande huu na upande ule. Hakukuwa na tofauti ya kushika. Halafu akaongeza kitu ambacho naamini wengine wangekimeza: kati ya wale waliopangiwa kuzaa kawaida, zaidi ya wanne katika kila kumi waliishia thieta vilevile.

"Kwa hiyo hata nikichagua sijachagua," nikamwambia.

Akacheka. "Umechagua pa kuanzia, mama."

Kisha, huku anafuta ile jeli tumboni kwangu, akasema sentensi niliyoondoka nayo. "Wa kwanza hana shida. Wa pili ndiye anayetuumiza kichwa. Mwenzake akishatoka anapata nafasi, anageuka apendavyo."

Nilichagua kawaida. Ningependa kuandika hapa kwamba nilipima hoja zote. Ukweli ni kwamba niliogopa kuamka kitandani na mshono huku watoto wawili wanalia. Sababu yangu haikuwa ya kitabibu hata kidogo, na mpaka leo naona ilikuwa sababu nzuri tu.

Wiki ya 32 tumbo likaanza kukaza na kuachia, nikalazwa, nikapigwa sindano za mapafu. Ndivyo wauguzi wanavyoziita, ingawa zinaingia pajani. Mapafu ya mtoto anayewahi hayajapata ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane kila anapotoa pumzi. Sindano anapigwa mama, dawa inapita kwenye kondo, mapafu ya mtoto yanakomaa haraka. Baadaye, katika usiku mmoja wa kunyonyesha usioisha, nilisoma kwamba zilianzia kwa kondoo. Daktari wa New Zealand, Graham Liggins, alikuwa anachunguza ni nini kinachoanzisha uchungu, akamkuta mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya muda, ambaye kwa hesabu zote hakutakiwa kuwa hai, anapumua. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo ya kwanza kwa binadamu. Nilimwangalia mwanangu aliyelala kifuani, nikamshukuru kondoo.

Tumbo likatulia, nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Wangu walikuja wiki ya 35.

Mkono mmoja begani, mwingine tumboni

Uchungu wenyewe sitauelezea sana. Aliyezaa anaujua, asiyezaa hataujua kwa kusoma kwangu.

Nitakachosema ni kwamba chumba kilikuwa na kila kitu mara mbili. Vitanda viwili vidogo, taa mbili za joto, vibanio viwili vya kitovu, vitambulisho viwili vya mkononi, kimoja kimeandikwa Pacha A na kingine Pacha B. Na watu wengi. Nilianza kuwahesabu nikaacha. Mlangoni alisimama mtu ambaye kazi yake, niliambiwa, ilikuwa kusubiri tu kama thieta itahitajika. Hakufanya chochote, akaniogopesha kuliko wote.

Msichana alitoka kwa kelele. Wakamweka kifuani kwangu akiwa bado ana ule ute mweupe kwenye mikunjo ya shingo, sikio la kushoto limekunjwa kwa mbele, kidole gumba kimefungiwa ndani ya ngumi. Nilikunjua lile sikio. Likarudi. Nikalikunjua tena.

"Hongera mama! Msichana!"

"Hongera sana!"

"Hongera, baba!" Mume wangu alikuwa analia na kucheka, simu mkononi, anapiga picha za dari.

Na katika furaha ile nikasikia mkono. Mkunga aliyekuwa upande wangu wa kulia alinipigapiga begani, hongera mama, hongera, huku mkono wake mwingine umekandamiza tumbo langu kutoka juu, kwa nguvu, haubanduki. Nilimtazama usoni. Uso ulikuwa unatabasamu. Mkono haukuwa unatabasamu. Ulikuwa unajaribu kumzuia wa pili asigeuke.

Hongera zile zilikuja mapema.

Nimezaa, na bado nazaa

Uchungu ukakatika.

Hilo hutokea, nyumba ya uzazi imeshatoa mmoja, inapumzika kabla ya kuendelea. Wakaongeza kasi ya dripu ili uchungu urudi. Wakavuta mashine ya ultrasaundi mpaka kitandani. Daktari akapitisha kile kifaa tumboni, kushoto, kulia, chini, kisha akakirudisha kushoto akakiacha pale. Kichwa kilikuwa kushoto kwangu. Miguu ilikuwa kulia. Amekingama.

Apendavyo.

"Huyu tumchukue kidogo, mama," sauti ikasema, na msichana akainuliwa kutoka kifuani. Pale alipokuwa pakawa baridi.

Sasa nifike ninapopakwepa.

Dakika zile, wakati mashine inatoa mlio wa moyo wa mtoto wa pili, na mlio ukaanza kuchelewa, mimi sikuwa namwaza. Nilikuwa nageuza shingo kumtafuta msichana. Nilitaka wanirudishie, nijifunike naye, watu watoke, taa zizimwe, niambiwe basi, imekwisha. Nilikuwa nimeshazaa. Mwili ulisema nimeshazaa, watu walisema nimeshazaa, picha zimeshapigwa. Na kule chini kuna watu bado wanafanya kazi, kwa ajili ya mtu ambaye kwa dakika zile mimi sikumtaka.

Si kwamba nilimtakia mabaya. Sikumtaka tu. Sikuwa na nafasi naye.

Daktari akavaa glavu ndefu, ya kufika kwenye kiwiko. Akasogea karibu na uso wangu, jambo ambalo namshukuru nalo mpaka leo, akasema taratibu, "Mama, nitaingiza mkono nimtafute miguu. Utasikia vibaya. Usisukume mpaka nikwambie."

Nilisikia vibaya.

Nitawaachia hapo, ila niseme hiki kwa walio na ujauzito wanaosoma na mioyo yao imesimama: ni utaratibu wa zamani na unaojulikana, aliyezoea anaufanya haraka, na nafasi aliyoiacha wa kwanza ndiyo inayouwezesha. Mkono unashika miguu yote miwili, chupa inapasuliwa, mtoto anageuzwa huku anavutwa. Zikatoka nyayo mbili za zambarau. Halafu magoti. Halafu kiuno, na nikajua ni mvulana kabla sijamwona uso. "Sukuma sasa, mama, sukuma!" Nikasukuma.

Kimya.

Wakampeleka kwenye meza ya kona. Migongo mitatu ikanifunika nisione.

"Analia?" nikauliza.

Hakuna.

"Mbona halii?"

Hakuna aliyegeuka. Mkunga wa kulia, yule wa tabasamu, sasa alikuwa anakanda tumbo langu kwa mikono yote miwili na haniangalii, kwa sababu nyumba ya uzazi iliyotanuka kubeba wawili huchelewa kukaza, na isipokaza damu haikomi. Nilijua damu inatoka. Nilisikia joto lake chini yangu. Sindano ikaingia pajani, dripu ikabadilishwa, mtu akasema "kondo la kwanza limetoka," mwingine akasema "bado la pili." Kila mtu alikuwa anasema jambo, na hakuna aliyekuwa anasema na mimi.

Kisha kona ikatoa sauti. Nyembamba, imekatika, ikarudi.

Walipompitisha kuelekea wodi ya watoto wachanga nilionyeshwa paji la uso. Kofia, paji la uso, barakoa ya hewa. Mlango ukajifunga.

"Hongera mama," mtu akasema. "Umemaliza."

Kila nilipo nadaiwa

Wageni walipoanza kuja, hongera ikawa na mkia. "Umemaliza mara moja!" Nimeisikia mpaka kwa mtu aliyenipigia simu kwa jambo lingine kabisa. Watu wanamaanisha mema, sibishi. Lakini ndani yake kuna wazo kwamba mapacha ni uzazi mmoja wenye zawadi ya ziada, na mimi nilikuwa nimelala pale nikijua nilizaa mara mbili siku moja, na ile ya pili bado sijarudi.

Msichana nilikuwa naye kitandani. Nilimjua. Nilijua akitaka ziwa anafungua ngumi kwanza ndipo anafungua mdomo.

Mvulana nilimjua kwa namba. Anapumua mara ngapi kwa dakika, oksijeni imepunguzwa kiasi gani, mililita ngapi zimepita kwenye mpira wa puani. Mtoto wa umri ule wa mimba anaanza tu kuweza kunyonya, kumeza na kupumua bila kujichanganya, na huyu pumzi zenyewe zilikuwa zinamshinda, kwa hiyo nilikamua na muuguzi akamlisha kwa mpira. Nilikuwa nanawa mikono hadi kwenye viwiko, navaa gauni, nasimama kando ya kiatamishi, kile kisanduku chake cha joto, nampenyezea kidole kwenye kitundu anishike. Anashika. Nami nahesabu muda, kwa sababu mwenzake ameachwa na shangazi yake na karibu ataamka.

Nikirudi kwa msichana, namkumbuka mvulana aliye peke yake. Nikiwa kwa mvulana, maziwa yananitoka kwa ajili ya msichana. Kila nilipo nadaiwa upande wa pili.

Asubuhi moja muuguzi, binti mdogo, akaniuliza huku anaandika, "Mama, huyu anaitwa nani? Bado nimeandika Pacha B."

Jina lake lilikuwepo. Tulilichagua tangu miezi ya mwanzo, yeye na dada yake kwa pamoja. La dada yake nilikuwa nimeshalitamka pengine mara elfu. La kwake lilinichukua muda kutoka kinywani, na lilipotoka nilimtazama muuguzi, sikumtazama yeye.

Nilikuwa na shaka ambayo sikuweza kumwambia mtu. Vipi kama upendo una zamu, na yeye zamu yake imepita?

Kwikwi

Alipoweza kupumua bila msaada, wauguzi wakamvua kila kitu isipokuwa nepi na kofia, wakamweka kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti, miguu imekunjwa ya chura, wakatufunga na kitambaa. Kangaruu. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko viatamishi, wanachangia mashine na kuambukizana, akaamua kuwarudisha kwa mama zao. Ilianza kwa uhaba. Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Wale waliowekwa vifuani tangu mwanzo kabisa, bila kusubiri kwanza hali zao zitulie, vifo vyao vilipungua kwa robo ukilinganisha na waliosubirishwa. Wangu alikuwa mzito kuliko hao, na hali yake haikuwa mbaya hivyo. Lakini nilipousoma nilifunga simu kwa hasira kidogo. Angekuja kwangu siku ya kwanza je?

Siku ile yenyewe sikusikia kitu. Wanasema utasikia. Nilisikia joto, nilisikia kofia yake inaniwasha kidevuni, na baada ya muda nilisikia kwamba nepi haikufungwa vizuri. Nikacheka peke yangu, muuguzi akaleta kitambaa kingine, tukaanza upya.

Siku ya pili pia hakuna kitu. Nimekaa, namuunguza kwa mawazo yangu.

Kisha akapata kwikwi.

Mwili mzima ulikuwa unaruka, kifua chake juu ya kifua changu, kwa mapigo yale yale, na kila baada ya mapigo kadhaa linaruka moja kisha yanarudi. Nikaganda. Hii kwikwi nilikuwa naijua. Miezi mingapi, kila usiku nikishalala kwa ubavu, juu kulia chini ya mbavu, kuna mmoja alikuwa anapata kwikwi na mwenzake aliye chini haoneshi kushtuka. Nilikuwa naweka mkono pale namsubiri amalize ndipo nilale. Nilikuwa namwambia mume wangu, "Huyu wa juu kaanza tena." Wa chini ndiye aliyetangulia kutoka. Wa juu ndiye huyu.

Nilimtamkia jina lake. Safari hii nilimwambia yeye.

Mstari mmoja kwenye faili

Baada ya bibi wa kliniki kuniachia swali lake, nilikwenda kuomba nisome kumbukumbu za kujifungua kwangu. Kupata faili si kazi ya mara moja. Nilitumwa dirisha hili na lile, hadi nikakaa na mkunga mmoja wa makamo ambaye hakuwepo siku yangu lakini alikuwa tayari kunisomea mwandiko wa wenzake.

Nilitarajia kurasa. Dakika zile kwangu zina urefu wa mwaka. Kwenye faili pacha wa pili ana mistari michache: amekingama, mapigo ya moyo yameshuka, amegeuzwa ndani, amevutwa kwa miguu. Saa. Jinsia. Uzito. Alama: 3, na baadaye 8.

"Hizi alama ni nini, dada?"

Ni alama za Apgar, akasema, na akanieleza kwa kuhesabu kwenye vidole vyake. Rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, anavyoitikia akiguswa, ukakamavu wa misuli, kupumua. Kila kimoja kinapewa sifuri, moja au mbili, jumla kumi. Hupimwa dakika ya kwanza na dakika ya tano baada ya kuzaliwa. Nilikuja kusoma kwamba ni kipimo cha Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa Marekani, aliyekitangaza mwaka 1952, wakati ambapo mtoto akishatoka macho ya chumba yalibaki kwa mama. Alitaka kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kumtazama mtoto. Nilisoma mara mbili. Kwangu mimi macho yote yalikuwa kwa mtoto, na mama ndiye aliyekuwa anaita.

Msichana wangu alipata 8 na 9. Mvulana, 3.

"Tatu ni moyo unapiga lakini yeye mwenyewe hafanyi mengi," mkunga akasema. "Hapa wameandika wamempulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Dakika ya tano ana nane. Wamefanya kazi nzuri sana, mama."

Nikamweleza kwamba nilikuwa nauliza na hakuna aliyenijibu.

"Yule anayebonyeza mfuko anahesabu pumzi. Akikujibu hesabu imempotea."

"Walikuwa wengi. Hata mmoja asiyebonyeza?"

Akafunga faili, akaweka mikono yote miwili juu yake. "Kweli," akasema. "Mmoja angeweza."

Hasira yangu imepungua tangu siku ile. Haijaisha. Najua sasa kwamba ule ukimya ulikuwa na kazi ndani yake, na mtu aliyenipa mgongo alikuwa anamtoa mwanangu kwenye tatu kumpeleka kwenye nane. Bado nasema maneno matatu, "tunamsaidia kupumua, mama," hayamgharimu mtu chochote, na mimi ningeishi na dakika zile kwa namna nyingine.

Lile nililoliwaza pale, kwamba simtaki, halimo kwenye faili. Hakuna mahali pa kuliandika.

Nilimwambia mume wangu usiku ule ule. Sikupanga, alikuwa anamcheulisha mvulana begani na mimi nikasema tu, lote. Hakunyamaza kwa muda mrefu nilioutegemea.

"Mimi nilikuwa naangalia damu," akasema. "Iliyokuwa inaanguka sakafuni. Sikujua kama mtoto kalia au hajalia. Wote wawili nilikuwa nimewasahau."

Kumbe alikuwa amelificha hilo muda wote, na alidhani mimi ndiye nitakayemchukia.

Anayesubiri wawili

Wiki iliyopita alikuja rafiki yangu, mimba yake imepita nusu, mapacha, makondo mawili, wa kwanza kichwa chini. Alitaka nimsimulie. Nikamsimulia, na safari hii sikuruka. Nilimwangalia usoni nilipofika pale pa kutomtaka wa pili, niliona anaacha kutafuna, nikaendelea.

Nilimwambia hakuna njia ambayo mimi naweza kumchagulia. Nilimwambia aulize kama siku yake atakuwepo daktari aliyezoea kumgeuza wa pili kwa mkono, na thieta iko karibu kiasi gani. Na aulize jambo lingine ambalo hakuna karatasi itakayomkumbusha: baada ya wa kwanza kutoka, nani atakuwa anazungumza na mimi? Amtaje, jina lake, na asimame kichwani. Kama ni mume, basi mume aambiwe mapema kwamba kazi ya picha ana mtu mwingine.

Akaandika kwenye simu yake. Akafikiri.

"Na wewe ulipoanza kumpenda, ulijuaje?" akauliza.

Nikamwambia habari ya kwikwi. Akaweka mkono ubavuni kwake, upande wa kushoto, akasema wake hapati kwikwi, anapiga mateke tu, tena huyu wa kushoto ndiye mkorofi, yule mwingine ni mtulivu, hata leo asubuhi alimsumbua akiwa anapiga mswaki. Akaendelea kunieleza tabia zao kwa muda mrefu, nani anaamka lini, nani hapendi alale chali, na mimi sikumkatisha. Alipomaliza akaniuliza nguo za watoto wanaowahi zinanunuliwa ngapi. Nikamwambia chache, nao kofia wanazipoteza.